Mti mkubwa wa asili unaopukutisha majani Kakuyuni: je, ni mrihi au ni mbambakofi?

MWANA WA KAKUYUNI

Assalamu alaikum, na heshima kwenu nyote.

Naomba msaada wa kuutambua mti mmoja mkubwa ulioko katika shamba la familia yetu Kakuyuni, bara ya Malindi, upande wa kuelekea Jilore. Mti huu haukupandwa na mtu. Babu yetu, Mungu amrehemu, aliukuta hapo alipofyeka ili kupata mahali pa kulima, akauacha kwa ajili ya kivuli, na hadi leo umesimama peke yake kati ya mahindi na mikorosho. Kila mwaka, kaskazi inapokolea na jua la Januari na Februari linapoikausha ardhi, majani yake hugeuka manjano na kupukutika, na matawi hubaki matupu mpaka masika yanapokaribia.

Ninauliza sasa kwa sababu amekuja mnunuzi mwenye msumeno wa mota, naye anatuambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba mti umekwisha kufa, kwa kuwa hauna hata jani moja. La pili ni kwamba huo ni mrihi, usiofaa kwa mbao, na kwa hiyo bei anayoitoa ni bei ya makaa. Mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya shamba hili, anashikilia kwamba ni mbambakofi, na amekataza msumeno kuligusa shina kabla jambo halijathibitishwa. Ndugu zangu wamegawanyika, kwa kuwa fedha zinahitajika, nami nimepewa kazi ya kuuliza kwa wanaojua.

Haya ndiyo ninayoweza kuyaeleza kwa sasa. Shina ni pana, watu wazima wawili hawalikumbatii wakashikana mikono, nalo limenyooka hadi kupita kipaa cha nyumba ya makuti kabla ya kugawanyika kuwa matawi mazito yanayotanda. Gome ni la kijivu lenye hudhurungi, na mahali pengi limebanduka vipande vya mviringo, chini yake pakabaki madoa ya rangi hafifu. Udongo wetu ni mchanga mwekundu uliochanganyika na kijivu. Karibu na shina kuna majani makavu mengi na maganda ya mbegu yaliyokwisha kuwa meusi, lakini upepo huleta pia takataka za miti ya jirani, nami nachelea kuyachanganya. Maua sijayaona kwa macho yangu, kwa kuwa msimu wake hunikuta kazini Mombasa.

Naomba kujua nitazame nini hasa, na katika hivyo ni kipi kisichoweza kunipotosha.


MZEE WA GEDE

Wa alaikum salaam, mwanangu. Kabla ya jina la mti, tuimalize kwanza hoja ya kifo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoweza kuwaharakisha mkakata.

Miti mingi ya misitu yetu ya pwani huangusha majani wakati wa kiangazi, na kuangusha huko ni sehemu ya uhai wake. Jani hupoteza maji mchana kutwa kupitia matundu madogo sana yaliyomo ndani ya ngozi yake, na udongo unapokauka mizizi haiwezi kuyarudisha maji hayo kwa kasi ileile. Mti unaoangusha majani huifunga njia hiyo, ukaishi kwa akiba iliyomo shinani na mizizini mpaka mvua irudi. Mbambakofi hufanya hivyo, msufi mwitu hufanya hivyo, mrihi hufanya hivyo kwa muda mfupi, na mbuyu hukaa mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo kukosa majani mwezi wa Februari hakuthibitishi lolote kuhusu uhai wa mti wenu.

Kinachothibitisha ni kijiti. Chukua kijiti chembamba kilicho bado juu ya tawi, ukikwaruze kwa ukucha, na ukiona chini ya ngozi ya nje utando wa kijani wenye unyevu, ujue sehemu hiyo ni hai. Kijiti kilichokufa huvunjika kwa mlio mkavu na ndani ni cha rangi ya majivu au kahawia tupu. Jaribu pande zote za mti, kwa kuwa mti mzima kabisa huweza kuwa na tawi moja lililokufa. Tazama pia macho yaliyoko kwenye ncha za vijiti, yaani yale matumba madogo ambamo majani mapya yamekunjwa. Yakiwa yamejaa na hayaporomoki ukiyagusa, mti unangoja msimu wake.

Nakuomba kitu kimoja zaidi. Usimruhusu mtu yeyote kulikata shina kwa panga ili kuonyesha rangi ya ndani. Jeraha la namna hiyo hufungua njia ya uozo na bungua, na taarifa utakayoipata utaipata vilevile kutoka kwa ganda la mbegu bila kumwaga utomvu. Tafuta ganda ambalo bado linaning'inia tawini, maana hilo halina shaka kwamba ni la mti huo, kisha ulilinganishe na yale yaliyoko chini. Utuletee urefu wake, unene wake, namna lilivyofunguka, na umbo la mbegu ukiipata.


MFUGA NYUKI, MARAFA

Ndugu yangu wa Kakuyuni, mimi naishi kaskazini mwenu, pembeni mwa msitu wa Dakatcha, na mizinga yangu imetundikwa katika mirihi. Ningependa ufanye uchunguzi huu bila kudhani kwamba mnunuzi amesema uongo, kwa sababu mrihi unaweza kuwa mti mkubwa sana, wenye gome la kijivu lenye mipasuko, na maganda yake huwa meusi yakikaa chini muda mrefu.

Mrihi, ambao wataalamu huuita Brachystegia spiciformis, hupenda mchanga mweupe usio na rutuba. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye zaidi ya kilomita za mraba 400, mirihi imeshika mshipi wa katikati penye mchanga huo, wakati upande wa magharibi penye mchanga mwekundu umejaa miti mingine na upande wa mashariki ni mchanganyiko. Huku kwetu Dakatcha ni hivyo hivyo, panapoanza mchanga mweupe ndipo mirihi inapoanza. Wewe umesema udongo wenu ni mwekundu wenye kijivu, na hilo linanitia shaka kidogo juu ya mrihi, ingawa udongo peke yake hautoshi kutoa hukumu.

Dalili ninayoiamini ni majani mapya. Kabla ya mvua kunyesha, mrihi huvaa majani machanga mekundu kama divai, kisha yakawa ya rangi ya shaba, halafu kijani. Msitu mzima hubadilika kwa siku chache, na nyuki wangu huanza kuchangamka kwa kuwa maua madogo ya kijani na nyeupe hufuata, yenye harufu nzuri. Juu ya matawi hayo hutafuta chakula kwera wa Clarke, ndege ambaye ulimwenguni kote huishi katika kaunti yetu ya Kilifi tu, katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Nasema haya kwa sababu nimesikia mrihi ukitajwa hapo juu kana kwamba thamani yake inaishia kwenye tanuri la makaa. Hata mti wenu ukiwa mrihi, bado ningewasihi msiuze kwa bei hiyo. Huku kwetu uchomaji wa makaa na mashamba ya mananasi vimekwisha kuula msitu sehemu kubwa, na mrihi mkubwa ukiangushwa, yeye aliyeuangusha hatauona mwingine wa unene ule katika maisha yake.


MZEE WA GEDE

Nakubaliana na ndugu wa Marafa kuhusu thamani ya mrihi, na namshukuru kwa kuutaja udongo. Katika jambo moja, hata hivyo, inafaa kuongeza tahadhari: wekundu wa majani machanga usitumike kama ushahidi wa pekee, kwa kuwa mbambakofi nao huchipua majani ya rangi ya shaba yanayong'aa kabla hayajawa kijani. Anayeutazama kutoka mbali mwezi wa Machi anaweza kuuita mrihi kwa sababu hiyo tu. Rangi huvuta jicho kwanza, nayo ndiyo huwapotosha wengi.

Miti hii miwili ni ya jamaa moja kubwa ya mikunde, na yote miwili ina jani lililogawanyika kuwa vijani vilivyopangwa jozi kwa jozi kwenye uti mmoja, bila kijani cha pekee nchani. Ndiyo maana hufanana kwa mtu asiyesogea karibu. Mbambakofi, yaani Afzelia quanzensis, una kwa kawaida jozi nne hadi sita za vijani, vipana, laini, vya kijani kilichokolea juu, vyenye kingo zinazofanya mawimbi kidogo. Vyote hukaribiana kwa ukubwa. Jambo la kuliangalia kwa makini zaidi ni kikonyo kifupi kinachokiunganisha kila kijani na uti: katika mbambakofi kikonyo hicho kimesokoteka, na unaweza kuona msokoto huo hata katika jani kavu ukilishika juani. Katika mrihi jozi ya mwisho, iliyoko nchani, ndiyo kubwa kupita zote, na jozi hupungua ukubwa kadiri zinavyorudi kwenye shina la jani. Ukiyatandaza majani makavu kumi juu ya jamvi na kuyapanga, tofauti hiyo hujitokeza yenyewe.

Gome ulilolieleza, lenye vipande vya mviringo vinavyobanduka na kuacha madoa hafifu, ni la mbambakofi zaidi kuliko la mrihi, ambao gome lake la uzeeni huwa kavu na lenye mipasuko. Lakini gome hubadilika kwa umri, kwa moto uliopita shambani na kwa ng'ombe wanaojikuna, kwa hiyo mimi hulihesabu kuwa shahidi wa pili.

Shahidi wa kwanza ni ganda. Ganda la mbambakofi ni zito na nene, gumu kama ubao, urefu wake ni sentimita 10 hadi 17 hivi, upana wake ni wa kutosha kiganja, na huwa la kahawia iliyokoza au jeusi. Hupasuka taratibu kwenye kingo zake na kuwa vipande viwili, na ndani utakuta nyama nyeupe iliyokauka, yenye vyumba, kila chumba kikiwa na mbegu moja. Mbegu ni nyeusi, inang'aa, na sehemu yake ya chini imekaa ndani ya kikombe chenye rangi nyekundu au ya machungwa. Mtu aliyeiona mara moja haisahau. Wasichana huitunga kuwa shanga, na hondohondo huifuata kwa ajili ya kile kikombe chekundu, kisha huidondosha mbali na mti mama. Hakuna mti mwingine katika misitu hii ya Malindi ambao mbegu yake utaichanganya na hiyo.

Ganda la mrihi ni jembamba na bapa. Halingoji kufunguka taratibu: jua likiliwakia hupasuka kwa mlio, pande zake mbili zikajipindapinda, na mbegu zikarushwa mbali. Mbegu yenyewe ni bapa, ya kahawia, haina kikombe wala mng'ao wa kutajika. Basi ukiokota chini ya mti wenu vipande vyembamba vilivyojiviringa, mrihi unahusika. Ukiokota vipande vinene vilivyonyooka, vyenye mashimo meupe ndani, mbambakofi.

Miti mingine inayoweza kuletwa katika mjadala naipitia haraka. Msandarusi una vijani viwili tu katika kila jani, ganda lake lina vinundu na halipasuki, na shina lake hutoa sandarusi. Mvule una jani zima lisilogawanyika na hutoa maziwa ukivunja kijiti. Mkwaju una vijani vidogo mno. Msufi mwitu una vijani vilivyotawanyika kutoka nukta moja kama vidole. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaolingana na maelezo yako.


MWANA WA KAKUYUNI

Shikamoo mzee, na ahsante sana ndugu wa Marafa.

Nimekwenda shambani pamoja na mama mkubwa na binamu zangu, tukafuata maelekezo yenu kwa utaratibu. Vijiti tulivyovikwaruza upande wa kusini, wa kaskazini na wa bahari vyote vilikuwa na kijani na unyevu ndani, isipokuwa tawi moja la chini lililokufa tangu zamani kutokana na moto wa kuchoma majani. Matumba yamejaa. Mti ni hai, na katika hilo hakuna tena anayebishana nyumbani.

Binamu yangu alipanda na kuliangua ganda lililokuwa bado tawini. Ni zito, na urefu wake unazidi kidogo upana wa kiganja changu kilichotanuliwa, na kulifungua tulihitaji kisu, ingawa mstari wa kingo ulikwisha kuanza kuachana. Ndani ni nyeupe, na mna mbegu nyeusi zenye vikombe vya rangi ya machungwa iliyokoza. Mama mkubwa alipoziona hakusema neno. Alizichukua na kuzifunga katika ncha ya leso yake. Chini ya mti tulikuta mapande mengi ya namna hiyohiyo, manene na yaliyonyooka, na hatukuona hata kipande kimoja kilichojiviringa.

Majani makavu tuliyapanga juu ya jamvi. Mengi yalikuwa na jozi tano, machache jozi nne, na vijani vya mwisho havikuwa vikubwa kuliko vya katikati. Msokoto wa kikonyo ulionekana wazi baada ya kuelekezwa mahali pa kuutazama, na nina hakika kwamba bila maelekezo yenu tungeupita bila kuuona.

Sasa naomba kuuliza jambo la pili. Mnunuzi amerudi, na alipoonyeshwa mbegu alibadilisha maneno yake: sasa anakubali kwamba ni mbambakofi, lakini anasema mti uliokaa peke yake shambani huwa na mbao hafifu ndani, na hivyo bei yake haiwezi kupanda sana. Je, yuko hapa mtu anayezifahamu mbao hizi kwa mikono yake?


FUNDI WA MILANGO, LAMU

Salaam kwenu. Mimi ni fundi wa seremala hapa Lamu, na baba yangu na babu yangu walikuwa mafundi wa milango na makasha, kwa hiyo nitajibu yanayohusu mbao na kuwaachia wengine yanayohusu msitu.

Mbao ya mbambakofi huijua kwanza kwa uzito, kisha kwa mpaka wake. Sehemu ya nje, iliyo karibu na gome, ni nyeupe yenye umanjano, na haidumu. Kiini ni chekundu chenye hudhurungi, na mpaka kati ya viwili hivi ni mkali, unauona bila kutafuta. Kiini hicho ndicho tunachokitaka. Kikishakauka vizuri hakicheziki: hakivimbi sana wakati wa mvua wala hakinyauki sana wakati wa kaskazi, na hiyo ni sifa kubwa kwa mlango wa mbao mbili ambao lazima zikutane sawasawa kwenye mfaa, yaani ule mwimo wa katikati ya mlango, mwaka mzima, katika mji ambao hewa yake ina chumvi na unyevu siku zote. Mchwa hawakipendi. Ndiyo sababu mbambakofi ulihesabiwa pamoja na mvule na msaji katika milango ya nakshi ya mji huu, ambao tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ndiyo sababu mafundi wa vyombo vya baharini nao huutafuta kwa mbao zinazokaa majini. Kuuchonga ni kazi ngumu, patasi huliwa upesi, na vumbi lake huchoma pua, lakini nakshi ikishakatwa hubaki na ncha zake.

Mbao ya mrihi ni habari nyingine. Hupinda na kupasuka inapokauka, na mchwa na bungua huila, kwa hiyo hatuitumii kwa mlango. Mtu anayeijua kazi hii hawezi kuichanganya mbao ya mrihi na ya mbambakofi hata usiku, kwa uzito na harufu peke yake. Kwa hiyo mnunuzi mwenye msumeno wa mota aliyewaambia kwamba mti wenu ni mrihi, nami simjui na simtaji, alikuwa akijadiliana bei, na maneno yake ya sasa kuhusu mbao hafifu myaweke katika kapu hilohilo.

Ukweli ulioko katika maneno yake ni mdogo. Mti uliokua peke yake hutoa matawi chini zaidi, na kila tawi huacha kifundo ndani ya mbao, hivyo urefu wa mbao safi unaweza kuwa mfupi kuliko ule wa mti uliobanwa na wenzake msituni. Lakini wewe umesema shina limenyooka hadi kupita kipaa cha nyumba kabla ya kugawanyika. Shina kama hilo si hafifu. Kinachoweza kuwa tatizo ni uozo wa ndani palipo na tawi lililoungua, na huo hutokea katika mti wa shambani na wa msituni vilevile.

Nami naongeza maoni yangu, ingawa hayakuulizwa. Kazi yangu inategemea mbao hizi, lakini mbambakofi mkubwa sasa ni adimu pwani yote, kwa sababu ulikatwa kwa miaka mingi bila kupandwa, na ni mti unaokua polepole. Siku hizi napokea milango ya zamani kuitengeneza upya, na miimo na vizingiti vya nyumba zilizobomoka, na kwa mbao hizo napata kazi ya kutosha. Ningekuwa mimi ndiye mwenye shamba, mti huo ningeuacha usimame kwa ajili ya mbegu.


MZEE WA GEDE

Basi kwa upande wa utambuzi tumemaliza: ganda, mbegu, vijani na kikonyo vyote vinakubaliana, na mti wa Kakuyuni ni mbambakofi. Mama mkubwa alikuwa na haki tangu mwanzo, na naomba umfikishie salamu zangu.

Iwapo familia siku moja itaamua vinginevyo, pitieni kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu, ya Jilore au ya Gede, kwa kuwa mbao na makaa havisafirishwi bila kibali hata vikitoka katika shamba la mtu binafsi, na mnunuzi anayekwepa ofisi hiyo huwaachia wenye shamba mzigo wa kujieleza. Lile tawi lililokufa likatwe kwa msumeno wa mkono, karibu na shina lakini bila kuigusa ile shingo iliyovimba pale tawi linapoanzia, ili mti uweze kulifunga jeraha wenyewe. Na moto wa kuchoma majani uhamishiwe mbali na shina.


MWANA WA KAKUYUNI

Ahsanteni wazee wangu. Tumekaa kikao, na mama mkubwa ameamua kwamba mti hautauzwa. Fedha zilizohitajika zitatafutwa kwa korosho. Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa na hamu kubwa ya kuuza, amependekeza tuoteshe mbegu na kupanda mstari wa mibambakofi kwenye mpaka wa shamba. Mbegu tunazo za kutosha. Je, huoteshwa vipi?


MAMA WA MICHE, WATAMU

Hongereni. Mbambakofi si mgumu kuotesha, ila unahitaji subira baada ya kuota.

Chagueni mbegu nzito, zisizo na tundu la mdudu. Ondoeni kile kikombe chekundu, kwa sababu huvuta siafu na panya, kisha zilowekeni katika maji ya kawaida usiku kucha. Zitakazovimba zipandwe asubuhi yake, na zisizovimba zikwaruzwe kidogo upande wa pili wa kitovu kwa jiwe la kunolea na kulowekwa tena. Msitumie maji ya moto. Mche huteremsha mzizi mrefu mapema kuliko unavyorefuka juu, kwa hiyo tumieni mifuko mirefu, na muihamishe kila mara ili mizizi isipenye ardhini.

Katika udongo wa kujaza mifuko changanyeni kiasi cha udongo uliochukuliwa chini ya mti mama. Mizizi ya mbambakofi hushirikiana na uyoga wa ardhini, ambao huisaidia kufyonza chakula katika mchanga maskini, na udongo huo ndio unaoupeleka uyoga kwenye miche. Mrihi nao una ushirikiano wa namna hiyo, na ndiyo maana miche ya miti hii hudumaa mara nyingi inapooteshwa katika udongo mgeni.

Iwekeni miche chini ya kivuli hafifu cha makuti, mkipunguze kadiri inavyokomaa. Mkiotesha sasa, msiipeleke shambani masika haya, kwa kuwa itakuwa bado midogo. Iacheni hadi mvua za vuli, na ile itakayobaki nyuma ingoje masika yajayo. Acheni nafasi ya mita 8 au zaidi kati ya mti na mti, kwa maana matawi yake hutanda, na zungushieni miiba kila mche mpaka upite kimo cha mbuzi. Kiangazi cha kwanza miche itaangusha majani. Watoto wa nyumbani waelezwe mapema, wasiing'oe wakidhani imekufa.

Mbegu zitakazozidi zipelekeni katika kituo cha utafiti wa misitu kilichoko Gede, mkieleza zilikotoka, au mniletee mimi Watamu nami nitawapa badala yake miche ya mihuhu, miti mingine ya asili ya misitu yetu.